Mchoro Ambao Ron Hakuonyeshwa

Mwezi uliopita nilipostaafu mlinifanyia sherehe nisiyoistahili, kwenye kile chumba chetu cha wachoraji, ghorofani kule Handsworth, kwa pilau, keki na hotuba za uongo. Hotuba zilisema sijawahi kukosea mstari. Wanjiru alikuwa amekaa ubavuni kwangu, na makofi yalipokwisha akaniinamia akasema, "Mama Chausiku, hizo ni za sherehe. Si utuandikie ukweli tu, hata kama ni ka-story kadogo? Ushawahi kuchora kitu ukajuta?" Nikamwambia ale kwanza, pilau linapoa. Lakini swali lake limenikaa kooni tangu siku ile, kwa hiyo naandika, na atakayechoka njiani asinisumbue kwa simu.

Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua wenyewe, ndiyo maana nusu yenu mnachora siku mnazopumzika zamu za hospitali.

Nilikuja Birmingham kusoma. Masomo yakaisha, mimi nikabaki. Kabla ya hapo nilichora vibonzo Dar es Salaam, na kabla ya Dar nilikuwa Tabora, nikiwachora walimu ubaoni kabla hawajaingia darasani, kazi iliyonilipa kwa viboko. Hapa nikaweka michoro yangu kwenye bahasha ya kaki, nikaipeleka kwenye gazeti moja dogo la kila wiki ambalo siku hizi halipo tena. Mhariri akaitazama, akacheka mara mbili, akaniambia nikamwone Lucien, mchoraji wao.

Lucien alikuwa Mfaransa, mwembamba, vidole vimejaa madoa ya wino ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Alikuwa ameishi na kuchora Japani miaka kumi na minne. Akaishia Birmingham kwa sababu ya mke wake, mwenyeji wa Sutton Coldfield, aliyesema sasa ni zamu yake kukaa kwao. Kwenye meza yake palikuwa na chupa ya wino mweusi, nibu tatu za kalamu, kitambaa na wembe. Nyinyi wenye tableti mtacheka, lakini wembe ndio ulikuwa undo yetu. Ukikosea unaukwangua wino polepole kwenye karatasi, na ukiwa na hasira unatoboa.

Siku ya kwanza hakunipa hata karatasi ya gazeti. Alinituma nikapande basi mpaka Longbridge na kurudi, nichore miguu ya abiria tu. Nikaona huyu mzungu ananidharau. Nikachora miguu, ndiyo, lakini juu ya miguu nikaongeza Waingereza niliowajua mimi: pua ndefu, kofia nyeusi, mwavuli mkononi. Lucien akatazama karatasi zote kumi na moja, kisha akauliza, "Leo umeona miavuli mingapi?"

Nilifikiri. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na watu walikuwa wanatembea ndani yake kana kwamba hawajaambiwa. Sikuwa nimeona mwavuli hata mmoja.

"Basi hii miavuli umekuja nayo kutoka kwenu," akasema. "Irudishe."

Baadaye, tulipozoeana, akanieleza alikojifunzia. Alipofika Osaka alikuwa kijana, anachorea gazeti la wageni waliokaa kule, na kila kitu kilimchekesha: jinsi watu wanavyoinamiana, jinsi wanavyovua viatu, jinsi wanavyosinzia wima kwenye treni. Alipanga chumba juu ya duka la majani ya chai la mama mmoja mjane, Bi Sato. Huyu mama alikuwa anakata kila mchoro wake gazetini, anaubandika kwenye ukuta wa ngazi, na chini yake anaandika maneno kwa penseli. Lucien akavimba kichwa. Aliwaandikia wazazi wake kwamba mwenye nyumba wake ni shabiki.

Ilimchukua miaka mitano kujua kusoma maandishi yale. Siku moja akapanda ngazi akisoma. Mchoro wa kwanza: "Kandambili hazivaliwi hivi." Wa pili: "Mleta barua hainamiwi mpaka chini namna hii." Wa tatu: "Huyu ni mimi? Mimi si mfupi hivi." Michoro zaidi ya mia mbili, na kila mmoja ulikuwa na kosa lake. Akashuka dukani, akainama mbele yake, na Bi Sato akamwambia hata hapo ameinama kupita kiasi, yeye si waziri. Tangu siku hiyo hakutuma mchoro wowote gazetini kabla Bi Sato hajauona.

"Mgeni huchora kwanza kile kinachomshangaza yeye," Lucien akaniambia. "Mwenyeji akiona, anajua kwamba hukumtazama. Tafuta mtu wako, Chausiku. Kabla ya mhariri, aone yeye."

Mtu wangu nilikuwa naye tayari nyumbani na sikujua. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Ron na mkewe Maureen, dakika kumi kwa miguu kutoka kiwanda cha magari cha kulekule Longbridge. Ron alikuwa fundi wa kiwandani na mwakilishi wa wafanyakazi, mwanamume mpana wa kidevu, mpole, mwenye sauti ya kusikika juu ya mashine hata alipokuwa anaomba chumvi. Nilipofika mara ya kwanza, nimelowa, alinibebea mizigo ghorofani, akarudi na kipasha joto cha umeme, akaniita "bab", neno wanalompa watu wa hapa kila wanayemkubali. Nilikaa kwao miaka tisa. Nilikuwa na ndugu wa damu walionijua kidogo kuliko wale wawili.

Basi kila Jumatano jioni, sahani zikishaoshwa, nilikuwa natandaza mchoro wa wiki mezani na Ron anavaa miwani. Hakujua lolote la sanaa na ndiyo raha yake. "Hapana," anasema. "Fundi wa bomba hapewi kikombe na kisahani chake. Anapewa kikombe kikubwa, na Maureen anasimama mlangoni kuhakikisha hakai." Au: "Hakuna mtu anayefungua mlango wote hivi. Anafungua nusu, mpaka ajue unauza nini." Nilikuwa nakwangua kwa wembe, narekebisha, na asubuhi mhariri ananiuliza nimejulia wapi mambo haya.

Jumamosi nilikuwa nachora kwenye harusi za Wahindi wa Soho Road, sura za wageni, dakika tano kila mmoja. Huko nako nilifundishwa. Mzee mmoja Msikh, mzaliwa wa Nakuru, alitazama mchoro wangu akaniambia kwa Kiswahili kisafi, "Dada, hiki kilemba umemfunga nani? Mimi sijawahi kufunga hivi." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechora kilemba kimoja kwa wanaume wote kumi na wanne. Nikaanza upya, na foleni ikafika kwenye meza za chakula. Ndiyo maana nawasumbua mchore mkunjo kwa mkunjo.

Sasa nifike pale Wanjiru anapopataka.

Lucien alishastaafu, mimi ndiye mwenye meza, kiwanda kilipofungwa. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa Nairobi, mtaona tu pale kuna maduka na nyumba mpya. Wakati ule kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mtu wa kiwandani, na wiki ile mtaa ulikuwa kimya kama kuna msiba. Ron alikuwa mikutanoni tangu asubuhi. Jumanne alirudi mchana, Maureen yuko kazini, akanikuta jikoni. Akakaa. Ron si mtu wa kueleza mambo yake, lakini siku ile alieleza, karibu saa nzima. Kwamba kwa miezi yeye ndiye aliyewaambia wenzake wavumilie, wasitafute kazi kwingine, mambo yatakuwa sawa, kwa sababu na yeye aliambiwa hivyo. Kwamba fundi wa rangi mmoja alikataa kazi nzuri aliyoitiwa mji mwingine kwa ajili ya neno lake. Kwamba tangu tangazo litoke analala kitandani na buti zake miguuni, hana nguvu ya kuinama kuzifungua, mpaka Maureen aje amvue. "Usimwambie mtu," akasema.

Nilisema pole. Nilisema pole mara nyingi. Na naungama hapa: muda wote ule nilikuwa nakitazama kidevu chake. Kilikuwa kimelegea namna ambayo sijawahi kukiona, na mkono wangu chini ya meza ulikuwa unakifuatisha kwa kidole kwenye goti.

Jumatano sikwenda nyumbani. Mhariri alitaka mchoro wa ukurasa wa mbele, ukurasa wa mbele kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilibaki ofisini nikachora mpaka nikamaliza. Nilichora jeneza lililotengenezwa kwa bodi la gari, taa mbele, namba nyuma. Wenye suti wanataka kupigilia kifuniko. Ndani amelala Ron, kidevu chake chote, buti zake miguuni, amekishika kifuniko kwa mikono miwili, anasema, "Bado, sijanywa chai."

Nielezeni ninyi Watanzania wenzangu kama nilikosea. Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu msiba ukiingia, mtani anakuja. Sisi na Wazaramo tumezikana hivyo tangu enzi za mababu. Mtani anaingia kaburini akiwa hai, analala, anasema hapa hazikwi mtu mpaka nipewe kuku. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na hapo ndipo wanapata nguvu ya kuzika. Kwangu mimi kiwanda kilikuwa maiti na Ron ndiye mtani aliyelala kaburini kuzuia mazishi. Nilimchora shujaa. Niliona nimewapa watu wa mtaa wangu kitu cha kuwasimamisha.

Ijumaa gazeti likatoka. Watu walilibandika kwenye ukuta wa klabu ya wafanyakazi, na mtu mmoja akaandika juu yake kwamba Ron alikuwa amelala muda wote wakati wao wanauzwa. Niliporudi nyumbani, Ron alikuwa mezani, gazeti limekunjwa mbele yake, miwani imewekwa juu yake.

"Ron," nikaanza, "kwetu..."

"Maureen atakusaidia kufunga mizigo," akasema, akainuka, akaenda bustanini.

Maureen alinisaidia kweli. Alikunja blauzi zangu vizuri kuliko ninavyokunja mimi, na hakunitazama usoni. Nikahamia Handsworth. Nililia basi zima, na watu wa basi, kwa adabu yao, wakatazama dirishani.

Nikaenda kwa Lucien kujitetea. Nikamweleza utani, Wazaramo, kaburi, kuku. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kitu kimoja tu: "Ulimwonyesha kwanza?"

"Hapana."

Akaniwekea kahawa, na mke wake akaleta biskuti.

Nilimwandikia Ron barua ya kurasa nne kueleza utani, kisha nyingine, kisha nyingine. Kimya. Mwaka uliofuata nikamchora picha nzuri, kwa wino wa bei mbaya, kidevu nimekipunguza, mabega nimeyainua, macho yanatazama mbali kama ya rais kwenye ukuta wa shule. Ikarudi kwenye bahasha ileile, nyuma ameandika kwa penseli: "Huyu ni nani?" Nikacheka kidogo, kisha nikakaa kitandani nikaumia, maana alikuwa na haki. Krismasi nilikuwa natuma kadi, na Maureen ananijibu kwa jina lake peke yake. Miaka saba ikapita hivyo. Nilikuwa nachora vizuri zaidi kuliko zamani na watu wananipongeza, na kila Jumatano jioni nilikuwa sina pa kutandaza mchoro.

Kilichonitoa pale ni msiba. Mzee mmoja wa Kizaramo alifariki hapa mjini, tukakusanyika kwenye ukumbi wa jumuiya yetu, na mimi kama mtani nikafanya kazi yangu. Nikavaa kofia yake, nikakaa kwenye kiti chake, nikawakaripia wanawe kwa sauti yake. Watu wakacheka wakalia. Ndipo mwanawe mkubwa akasimama, mwanamume wa miaka hamsini, akaja akanitoa kofia kichwani mbele ya kadamnasi. "Watani zetu hawa," akasema, "baba kafa, huyu kaja kurithi kofia. Mtazameni, ndiyo maana hakuolewa, anachora wanaume badala ya kuwapikia." Ukumbi ukavunjika mbavu. Nami nikacheka, na nikajisikia mwepesi kabisa.

Kwenye basi la kurudi nikawaza kile ambacho mtoto wa Tabora wa miaka sita anakijua. Utani una pande mbili. Ukinipiga, nakupiga. Mimi nilimpiga Ron mbele ya mji mzima, na yeye hakuwa na gazeti wala kalamu ya kunirudishia. Ule haukuwa utani, nilimwonea.

Jumamosi iliyofuata nikachukua ubao, karatasi na penseli laini, nikaenda. Maureen akafungua mlango nusu, akanitazama kwa muda, kisha akaufungua wote. Ron alikuwa sebuleni, amekonda, magoti yanamsumbua. Hakuinuka.

"Sikuja kuomba radhi," nikasema. "Nimeomba mpaka nimechoka, na wewe umechoka kuzipokea. Nimekuja unichore."

"Mimi sijui kuchora."

"Hata mimi nilikuwa sijui. Nichore unavyoniona. Ukimaliza, nitautoa gazetini mahali pangu, na jina lako chini."

Nilifikiri atanifukuza. Akanyoosha mkono akachukua ubao. Nikakaa kwenye kiti cha mbele yake, na hapo nikajua kwa mara ya kwanza wanavyojisikia wale ninaowachora. Hujui mikono uiweke wapi. Ron alichora kama dakika arobaini, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anafuta, anapuliza, anatazama tena. Maureen akaja akasimama nyuma yake, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Akaugeuza. Ulikuwa mchoro mbaya, vidole kama ndizi, shingo hakuna. Lakini ni mimi. Macho makubwa mno, yamejaa uso mzima, yamekodoa. Nywele zangu zile. Na pembeni mwa kichwa, kushoto na kulia, hapana kitu.

"Umesahau masikio," nikasema.

"Sijasahau."

Nikajigusa sikio.

"Zile barua zako," akasema, "za kwenu na makaburi yenu na kuku. Nilizisoma zote. Nzuri. Maureen alizipenda. Mimi jeneza halikunisumbua, bab. Tulitaniana kiwandani miaka thelathini, ungesikia tuliyoambiana ungezimia. Ni zile buti. Nilikuambia wewe, na Maureen anajua kwa sababu ndiye aliyenivua. Hakuna mwingine. Nikafungua gazeti, nikaona buti zangu."

Miaka saba nilikuwa nimeeleza mila, na hakuna mtu aliyekuwa ameuliza habari za mila. Nilijiona mjinga, na nikaona aibu ambayo hata sasa nikiiandika inanipandisha joto usoni. Safari hii sikujitetea.

Mchoro ule ulitoka wiki iliyofuata, mahali pangu, na jina la Ron chini. Mhariri alisema ndio bora uliowahi kutoka mezani kwangu, na sijampinga mpaka leo.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka, Maureen alileta chai, na nikausogeza ubao mbali, chini ya kochi. Nikamwambia Ron anisimulie tena, tangu mwanzo, ile ya jikoni. Alinipima kwanza. Kisha akasimulia, pole pole, na nilipokosa kitu nikauliza. Nikamwuliza yule fundi wa rangi aliyekataa kazi kwa ajili yake aliitwa nani.

"Derek," akasema. "Nilikuambia siku ile."